Haki ya Sungura Katika Kipupwe

Katika nyanda za juu za Kenya majira ya kipupwe huingia mwezi wa Juni na hudumu hata Agosti. Limuru, Kinangop, Nyeri na Molo jua huonekana kwa uchache; ukungu hulala mabondeni hata asubuhi ikapevuka, manyunyu huanguka bila ya kishindo, na watu hukaribia moto mapema. Huu ndio wakati ambapo milango mingi ya vizimba vya sungura hufungwa, isifunguliwe tena ila kwa kutia majani na kutoa uchafu. Mtoto aliyekuwa akiwatoa sungura wake kila jioni wakimbie uani huacha desturi hiyo. Akiulizwa sababu, hujibu kwa neno moja tu: baridi. Jibu hilo lina sura ya huruma, na pengine ni huruma kweli. Walakini hatuna budi kulipima kabla ya kulikubali. Baridi hiyo ni ya nani? Je, ni ya sungura, au ni ya mwenye sungura?

Yumkini msomaji atasema kuwa jambo hili ni dogo mno kuandikiwa insha. Dunia imejaa vita, njaa na dhuluma. Sungura ni nani hata tumkalie kitako? Lakini mambo makubwa yana askari na mahakimu wa kuyaangalia. Mtu akiiba ng'ombe, kijiji kizima hutoka kumfuata. Mtu akimwacha sungura wake amejikunja kizimbani tangu Juni hata Agosti, hapana atokaye. Jirani hasikii, mwalimu haulizi, na mnyama mwenyewe hapigi kelele. Wajibu huo umebaki baina ya mtu na dhamiri yake peke yao. Zaidi ya hayo, kwa vijana wengi wa nchi hii sungura ndiye kiumbe wa kwanza kuwekwa chini ya mamlaka yao. Wengine humpata kwa mzazi, wengine kwa rafiki, na wengine wamejifunza kumfuga katika Vyama vya 4K, vilivyoanzishwa mwaka 1962 kwa wito wa Kuungana, Kufanya, Kusaidia Kenya. Namna kijana atakavyoyatumia mamlaka yake ya kwanza ni jambo linalostahili fikira.

Kabla ya kutoa hukumu, ni vema tumjue tunayemhukumia. Sungura wa ngano zetu, yule mjanja anayewashinda fisi na simba kwa akili, si huyu wa kizimbani. Yule ni wa porini: huzaliwa juu ya ardhi, macho yakiwa wazi na manyoya yakiwa mwilini, na wokovu wake ni mbio. Huyu tunayemfuga asili yake ni Hispania, Ureno na kusini ya Ufaransa. Huchimba mashimo marefu na kuishi humo pamoja na wenzake. Watoto wake huzaliwa uchi na vipofu, katika kiota ambacho mama amekitandika kwa manyoya aliyojing'oa mwenyewe. Kufugwa na binadamu kumembadili rangi na ukubwa, lakini hakukumbadili tabia. Sungura mweupe anayekaa nyuma ya jiko huko Nyeri bado ana miguu ya nyuma ya mnyama wa kukimbia. Bado huchangamka alfajiri na magharibi, saa ambazo jamaa zake wa mwitu hutoka kutafuta malisho. Bado husimama kwa miguu miwili kumtazama adui wa mbali, ambaye pengine hayuko. Lugha yetu imewapa wanyama hao wawili jina moja, na katika jambo moja jina hilo halikukosea: wote wawili wameumbwa kwa kwenda mbio.

Sasa tuitazame baridi yenyewe. Mwili wa sungura una joto la nyuzi 38.5 hadi 40 za Selsiasi, nalo hushinda joto letu. Amevikwa manyoya ya namna mbili: ya chini mafupi, laini na mengi, na ya juu marefu yanayoyafunika yale ya chini. Masikio yake ni kama dirisha la nyumba. Akiona joto, damu hujaa masikioni ipate kupoa. Akiona baridi, mishipa hujibana na masikio hulazwa mgongoni. Hawezi kutoka jasho kama sisi, na kwa sababu hiyo adui yake mkubwa ni joto, wala si baridi. Joto likipita nyuzi 30 sungura hutaabika, na siku ya jua kali anaweza kufa katika kizimba kisicho na kivuli. Katika nyuzi 10 hadi 20, ambazo humfanya mtu wa pwani atafute sweta, yeye hustarehe.

Ushahidi wa jambo hili upo katika nchi zenye baridi kuliko yetu. Mwaka 1874 sungura walipelekwa katika visiwa vya Kerguelen, mbali kusini katika Bahari ya Hindi, mahali penye upepo usiokoma, mvua na theluji. Hawakumalizika, waliongezeka hata wakaiharibu mimea ya visiwa hivyo. Katika Uingereza sungura wa mwitu hutoka mashimoni kula wakati wa theluji, na wafugaji wenye maarifa huendelea kuwapa sungura wao wa bustanini nafasi ya kukimbia katika siku ambazo mwenye nyumba mwenyewe hatoki bila ya koti zito. Basi baridi ya Julai katika nyanda zetu, ikiwa peke yake, haitoshi kuwa sababu ya kumfungia ndani sungura mzima mwenye afya aliyezoea kukaa nje.

Na kizimba je, kinamfanya nini? Hapa ndipo mizani inapoinama. Mfupa wa kiumbe huimarika kwa kutumiwa na hudhoofika kwa kukaa bure. Sungura asiyepata nafasi ya kukimbia wala kujinyoosha mifupa yake huwa myembamba, na uti wa mgongo huweza kupinda. Misuli yake ya nyuma ni yenye nguvu sana. Akishtuka ghafula akapiga teke, anaweza kuuvunja mgongo wake mwenyewe kwa nguvu zake mwenyewe. Tumbo lake nalo linataka mwendo. Mnyama huyu ameumbwa kula majani muda mwingi wa siku na kuyasaga daima, na utumbo wake ukitulia hupatwa na ugonjwa unaoweza kumwua upesi. Akikaa juu ya waya au juu ya majani yaliyolowa mkojo, nyayo zake huchubuka na kuota vidonda. Mkojo huo hutoa hewa kali inayochoma pua na mapafu. Na mwenye kizimba anapoziba kila upenyo kwa gunia ili kuzuia baridi, huifungia hewa hiyo ndani pamoja na mnyama. Mafua yanayofuata husemwa kuwa yameletwa na baridi, kumbe yameletwa na dawa ya baridi.

Hata hivyo, mwadilifu hasemi nusu ya ukweli. Baridi ina madhara yake, na mtu asiyeyajua atafanya ubaya kwa kutaka kutenda wema. Sungura mkavu huvumilia baridi. Sungura aliyelowa hawezi, maana manyoya yakishikamana kwa maji huacha kuwa blanketi. Upepo unaopita moja kwa moja kizimbani ni mbaya kuliko ubaridi wa hewa iliyotulia. Watoto wachanga hawana manyoya na hufa upesi kiota chao kikipoa. Mzee, mgonjwa, aliyekonda, na yule aliyezoea kukaa jikoni karibu na moto, hao wote wana udhuru wa kweli, na kuwatoa ghafula katika ukungu ni kuwaonea. Kwa hiyo anayesema kuwa sungura haumizwi na baridi kamwe amekosea sawasawa na anayesema kuwa baridi yote ni ya kumfungia. Ukweli umo katika kupambanua, na kupambanua ndiyo kazi ambayo mtu mvivu huikwepa kwa kutoa amri moja kwa miezi mitatu.

Baada ya kujua hayo, twaweza kuliuliza swali lenyewe la insha hii: mtu ana deni gani kwa mnyama aliyemfungia?

Mfikirie sungura wa mwitu siku ya baridi. Mvua ikinyesha, huingia shimoni. Ikikatika, hutoka. Upepo ukigeuka, naye hugeuka nyuma ya kichaka. Akiona baridi ya kukaa, hukimbia, na mbio humtia joto; akichoka, hujikunja kando ya mwenzake, nao hupeana joto. Hakuna anayemlisha wala kumtunza, lakini hana haja ya mtunzaji, kwa kuwa chombo cha kujitunza anacho mwenyewe, nacho ni uhuru wa kwenda na kurudi. Sisi tulipomtia kizimbani tulimpa ulinzi dhidi ya mwewe na tukampa chakula kisicho na taabu. Hayo ni mema ya kweli wala hayakanushiki. Lakini katika kumpa hayo tulimnyang'anya chombo kile. Hawezi tena kuifuata jua inapohama, wala kuuhama upepo, wala kujitia joto kwa mbio. Kila alichokuwa akikifanya kwa miguu yake sasa kinangoja mkono wetu.

Hapa pana msingi wa haki ambao hauhusu sungura peke yake. Anayemwondolea mwingine uwezo wa kujifanyia jambo amejitwika yeye wajibu wa kumfanyia. Anayeufunga mlango na kuutia ufunguo mfukoni hawezi kusema baadaye kwamba aliyemo ndani hakutoka. Kwa hiyo kumtoa sungura akimbie si zawadi tunayompa tukiwa na nafasi na hali ya hewa ikitupendeza. Ni malipo ya kitu tulichokichukua. Na deni halifutwi kwa sababu siku ya kulilipa kuna ukungu.

Tena deni hili lina ugumu wake, kwa kuwa mdai ni bubu. Mbwa aliyefungwa hubweka, ng'ombe mwenye kiu hulia, kuku hupiga kelele hata jirani akakosa usingizi. Sungura hunyamaza. Yeye ni windo la wanyama wengi, na kwa windo kuonyesha udhaifu ni kumwita adui. Ndiyo maana huficha maumivu yake hata dakika za mwisho. Mwenye kizimba humwona ametulia pembeni, masikio mgongoni, akasema, "Ameridhika." Pengine ameridhika, pengine ameumia, pengine amekata tamaa ya kutazamia lolote. Wahenga walisema kuwa kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na tena wakasema kuwa mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Yeyote anayetaka kuujua moyo wake ulivyo asitazame anavyowatendea wale wanaoweza kumlalamikia. Na atazame anavyomtendea asiyeweza.

Wako wenye hoja za kupinga haya, na si haki kuwapita bila ya kuwasikiliza. Wa kwanza husema, "Sungura huyu nitamchinja. Mnyama wa nyama ana haja gani ya kucheza?" Hoja hii ina ukweli kuwa sungura wengi hufugwa kwa ajili ya nyama, na insha hii haikuandikwa kuwalaumu wanaoila. Lakini kufa kwa siku moja hakuondoi thamani ya siku zote zilizotangulia. Sisi wenyewe tutakufa, wala hakuna akubaliye kufungiwa kwa sababu hiyo. Kama maisha ya mnyama ni mafupi kwa amri yetu, basi huko kufupishwa kunamwongezea dai la kuishi vizuri siku alizobakizwa, wala hakumpunguzii.

Wa pili husema, "Kuna watoto wa watu wanaokwenda shule na baridi bila ya sweta. Ni aibu kuwahurumia sungura." Mtu huyu anastahili heshima ikiwa kweli anashughulika na sweta za watoto. Aghalabu lakini hoja hii hutolewa na mtu ambaye hawashughulikii watoto wala sungura. Huruma si debe la maji ambalo likimiminwa huku litakosekana kule. Robo saa ya kufungua kizimba haimvui mtoto yeyote nguo yake. Zaidi ya hayo, mtoto maskini wa nchi ni deni letu sote pamoja, nasi twapaswa kulilipa pamoja. Sungura wa kizimba hiki ni deni la mtu mmoja, naye anajulikana kwa jina. Deni la wote halimpi mtu ruhusa ya kuacha kulipa lake.

Wa tatu ana hoja nzito kuliko hao. Yeye husema, "Nikimtoa, ataliwa na mbwa, au nguchiro atamwingilia, au mwewe atamchukua. Kizimbani yu salama." Ni kweli, na katika jioni za ukungu adui haonekani mpaka amekwisha fika. Mtu anayemfungulia sungura mlango kisha akaenda zake kuota moto hakumpa uhuru, amemtupa. Lakini tuangalie hoja hiyo inataka nini hasa. Inataka ua uliozungushiwa waya madhubuti, uliofukiwa chini ili asichimbe akatoka na mwingine asichimbe akaingia, na uliofunikwa juu. Inataka macho ya mtu. Vitu hivyo vyote vyapatikana kwa kazi. Hoja hii haisemi kuwa jambo haliwezekani. Yasema kuwa lina gharama. Basi na tukiri kuwa ni gharama tunayoiepuka, tusiuite usalama wa sungura.

Fikira hizi si ngeni katika dunia. Mwaka 1965, katika Uingereza, kamati iliyoongozwa na Profesa Brambell ilitoa ripoti kuhusu wanyama wafugwao kwa wingi ndani ya majumba, ikasema kuwa kila mnyama apate walau nafasi ya kusimama, kulala, kugeuka, kujisafisha na kunyoosha viungo vyake. Maneno hayo yaonekana kuwa kidogo sana, na ndiyo maana yanaaibisha. Maana iliwalazimu wataalamu kuyaandika. Kutokana na fikira hiyo zilitokea mwaka 1979 zile zinazoitwa Haki Tano za mnyama: asiwe na njaa wala kiu, asikose mahali pa kustarehe, asipatwe na maumivu, jeraha wala ugonjwa, awe huru kuishi kwa tabia ya jinsi yake, asiishi katika hofu na dhiki. Sheria ya Uingereza na Wales ya mwaka 2006 ilimtwika mwenye mnyama wajibu wa kuyatimiza mahitaji yake, na moja katika hayo ni kuweza kufuata tabia yake ya asili. Nchini Kenya nako kuna sheria ya kuzuia ukatili kwa wanyama, nayo ni Sura ya 360 ya Sheria za Kenya. Lakini hakuna sheria inayoweza kumweka askari mbele ya kila kizimba huko Kinangop. Sheria huonyesha mpaka wa chini. Kilichobaki ni cha muungwana mwenyewe.

Sasa muungwana huyo afanye nini kipupwe kinapoingia? Kwanza, akifanye kizimba chenyewe kuwa makao ya kufaa: kiinuliwe juu ya ardhi, kipewe mgongo upande upepo unakotoka, kiezekwe kisivuje, na ndani yake kuwe na kijumba cha giza chenye nyasi kavu nyingi ambamo sungura ataingia na kujifukia. Usiku wa baridi kali gunia literemshwe upande wa mbele, lakini nafasi iachwe juu ipitishe hewa. Nyasi zilizolowa zitolewe kila siku, maana ukavu ni bora kuliko joto. Chakula kiongezwe, hasa nyasi kavu, kwa kuwa mwili unaopambana na baridi hutumia zaidi.

Pili, achague saa. Katika kipupwe umande hukawia kukauka. Saa tano hata saa kumi mchana aghalabu ndio wakati mwema, hasa jua likichungulia. Mwanafunzi anayerudi shuleni jioni bado ana nusu saa kabla ya giza. Sehemu moja ya ua iezekwe kwa bati na kutandikwa maranda au nyasi kavu, ili siku ya manyunyu mnyama akimbie bila ya kulowa. Akilowa, afutwe kwa kitambaa mpaka akauke kabla ya kurudishwa. Siku ya mvua kubwa asitolewe, na mwenye wagonjwa au watoto wachanga awaache ndani. Sungura wawili wanaopatana wakae pamoja, wapate joto na faraja. Madume wawili wasiohasiwa wasitiwe pamoja, maana watajeruhiana. Nao wasizungukezungukwe na kukimbizwa kwa fimbo kwa kisingizio cha mazoezi. Sungura anayekimbia kwa hofu hachezi.

Tatu, na hili ndilo kubwa, kila mwenye kuweza na auunganishe ua na kizimba kwa mlango mdogo, kisha auache wazi mchana wote. Chama kimoja cha Uingereza cha kutetea sungura hushauri kuwa sungura wawili wapate nafasi ya mita 3 kwa mita 2, na mita 1 kwenda juu, wakati wote, si kwa saa ya mchezo tu. Si kila mzazi wa Kenya aliye na waya wa kutosha kwa kipimo hicho, na kijana hapaswi kuona haya kwa kuanza na kidogo. Lakini fikira iliyomo ni njema kuliko kipimo chenyewe. Mlango ukiwa wazi, lile swali letu la baridi humwendea yule anayeweza kulijibu. Akiona baridi ni nyingi, atabaki katika nyasi zake. Akiiona ndogo, atatoka. Kuna siku mwenye kizimba atakaa ameshika shavu akidhani hakuna kiumbe atakayetoka katika ukungu ule, na sungura atatoka, atanusa hewa, kisha ataruka juu ghafula na kujipinda angani, kichwa huku na miguu kule, kama wafanyavyo sungura wakifurahi. Kuna siku nyingine atachungulia na kurudi ndani. Siku zote mbili mfugaji ametimiza wajibu wake, kwa sababu wajibu wake haukuwa kumkimbiza mnyama; ulikuwa kumrudishia uamuzi.

Jambo hili lina fundisho linalofika mbali, na kijana atalikuta tena akiwa mtu mzima. Dhuluma mara chache hujitaja kwa jina lake. Huvaa nguo ya huruma, ikasema, "Nimemzuia kwa faida yake." Mzazi humzuia binti asiende shule kwa kuwa njia ni ndefu. Mwajiri humwacha mtumishi alale penye moshi kwa kuwa nje kuna umande. Mkubwa humfungia mdogo, kisha husema kuwa dunia ina baridi. Pengine husema kweli. Lakini anayesema hivyo yampasa ajiulize maswali matatu: Je, madhara ninayoyataja nimeyapima, au nimeyadhania? Je, madhara ya kufungia nimeyapima nayo kwa mizani ile ile? Na kama nisingepata usumbufu wowote katika kumfungulia, ningali ningemfungia?

Swali la mwisho ndilo kali kupita yote, wala hapana awezaye kumjibia mwenzake. Mwenye kizimba huko Limuru aliulize asubuhi ya Julai, manyunyu yakiwa yamekatika na moto wa jikoni ukimvuta kukaa. Akiona kwa haki kuwa baridi ni ya sungura, aongeze nyasi kavu, aufunge mlango, naye hana lawama. Akiona kuwa baridi ni yake mwenyewe, dawa yake si ngumu: na achukue koti lake, atoke, akafungue.